Atafika, au Lazima Afike?

Mapema mwaka 2021, kwenye sherehe za Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika uamuzi wake kwa Kiswahili, akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Siku chache baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, nipo nyumbani Tanga na redio yangu. Kwa mtu aliyemaliza umri wake wa kazi akisimama kati ya hakimu anayeandika kwa Kiingereza na mshtakiwa asiyejua ila Kiswahili, habari ile ilikuwa kubwa kuliko ninavyoweza kueleza.

Tangu hapo vijana wanaotafsiri sheria, kanuni na mikataba hunijia mara kwa mara na makaratasi yao. Maneno magumu hawaniulizi, maana hayo wanayo kwenye kamusi. Wanachoniuliza ni kitenzi kimoja kifupi cha Kiingereza, “shall”. Kimejaa katika kila ukurasa wa sheria tulizorithi na tulizotunga, na kila kilipo kuna mtu anayeamriwa kufanya jambo. Wengi wao hukigeuza kuwa “ata-”: mwajiri atalipa, mpangaji atahama, afisa atatoa taarifa. Wakiona nakunja uso huniuliza kosa liko wapi, kwa kuwa sarufi iko sawa na kamusi inaunga mkono. Nimeona niandike ninachokijua, na nianze pale kitenzi hiki kiliponifikia mimi mwenyewe.

Kilinifikia kidato cha kwanza, Tanga, miaka ya 1970. Mwalimu wetu wa Kiingereza alichora jedwali ubaoni: “I” na “we” huchukua “shall”, waliobaki wote huchukua “will”. Tulipomaliza kunakili, akaligeuza jedwali lote juu chini. Ukitaka kuapa, kuamuru au kukataza, alisema, unabadilisha: “I will”, “you shall”. Kisha akatusimulia kisa cha mgeni aliyetumbukia mtoni huko Uingereza akawa anapiga kelele, “I will drown, and no one shall save me!” Waingereza waliokuwa ukingoni wakamwacha afe, kwa kuwa kwa sarufi yao mtu yule alikuwa ametangaza kwamba amekusudia kuzama na kwamba anakataza mtu yeyote asimwokoe. Ni kisa cha kale ambacho walimu wengi wamekisimulia, lakini sisi tulikuwa tunakisikia mara ya kwanza, na darasa zima lilinyamaza. Nilirudi nyumbani Ngamiani nikiwaza kwamba kumbe kuna lugha ambayo mtu anaweza kupoteza uhai kwa kukosea kitenzi kisaidizi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kanuni ile iliandikwa na John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, katika kitabu cha sarufi alichokitunga kwa Kilatini mwaka 1653 ili wageni wajifunze Kiingereza. Ndugu wawili wa ukoo wa Fowler nao, katika kitabu chao cha mwaka 1906 juu ya Kiingereza sanifu, walijaza kurasa nyingi wakiifafanua, huku wakikubali kwamba matumizi hayo humjia kwa asili mtu wa kusini ya Uingereza na kwamba asiyezaliwa nayo ni vigumu kuyapata. Wamarekani, Waskoti na Waayalandi walikuwa wanaishi bila kanuni hiyo na hawakupungukiwa na kitu. Sisi tulitakiwa tuijue kwa mtihani.

Hata hivyo namshukuru mwalimu yule. Chini ya jedwali lake kulikuwa na jambo la kweli ambalo limenisaidia maisha yangu yote: kitenzi hiki hakielezi wakati ujao peke yake. Ndani yake mna utashi wa mtu. Anayesema “you shall” anaweka utashi wake juu ya mwingine, na ukitaka kukielewa lazima uulize anayetaka ni nani na anayetakiwa ni nani.

Jambo hilo hilo lilikuwapo kanisani Magila, kule Muheza, ambako bibi yangu mzaa mama alikuwa akisali. Kwenye kitabu cha sala cha Kiingereza nyingi za Amri Kumi zilianza kwa “Thou shalt”. Kwenye Kiswahili chetu hakuna hata amri moja iliyotafsiriwa kwa “hutaua” au “hutaiba”. Watafsiri wa Biblia walichukua “usi-”, wakaacha wakati ujao kabisa. Bibi hakujua neno la Kiingereza, na hakuwahi kudhani kwamba Mungu alikuwa anatabiri tabia yake. Ninapowaona vijana wetu wanahangaika, huwaambia kwamba waliotutangulia walishakutana na kitenzi hiki katika maandishi mazito kuliko sheria yoyote ya Bunge, na wakajua la kufanya.

Nikaingia kazini miaka ya 1980, karani mdogo katika mahakama ya wilaya moja ya pwani. Mahakama za mwanzo zilikuwa zinaendesha mambo yake kwa Kiswahili, lakini kuanzia wilayani kwenda juu mwenendo wa kesi na hukumu viliandikwa kwa Kiingereza, hata kama kila aliyemo chumbani anazungumza Kiswahili. Hakimu huuliza kwa Kiswahili, shahidi hujibu kwa Kiswahili, kalamu inaandika Kiingereza. Kisha mwisho wa yote amri iliyoandikwa kwa Kiingereza husomwa, na karani huirudisha kwa Kiswahili ili mwenyewe aisikie. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi mengi yalidondoka njiani.

Siku moja aliletwa mvuvi mzee, shtaka lake ni kuharibu nyavu za mwenzake. Dhamana ilikuwa wazi, na sharti likawa kwamba kila Jumatatu afike kituo cha polisi. Hakimu aliandika: “The accused shall report to the police station every Monday.” Karani mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akinifundisha kazi, akageuka na kusema, “Mzee, utakuwa unaripoti kituoni kila Jumatatu.” Mzee akainamisha kichwa kwa adabu, akajibu, “Inshallah.”

Hakimu aliacha kuandika. Alikuwa mtu wa bara, hajakaa pwani muda mrefu, na kwa masikio yake lile lilikuwa jibu la mtu anayeikwepa amri. Akasema kwa ukali, “Mwambie hapa hakuna inshallah.” Mzee akashtuka, na nikaona uso wake umebadilika. Hakuwa amekataa kitu. Alikuwa amelelewa, kama wazee wote wa pwani, kwamba mtu haisemi kesho bila kumtaja Mwenye kesho. Maneno hayo yamo katika Qur’ani, Sura ya al-Kahf, aya ya 23 na 24: usiseme kwamba utafanya jambo kesho bila kuongeza kwamba Mungu akipenda. Yeye aliambiwa “utakuwa unaripoti”, akasikia habari ya siku zijazo, akaijibu kama Mwislamu anavyoijibu habari ya siku zijazo.

Karani mkuu akainama mezani akamweleza hakimu kwa sauti ya chini. Hakimu yule, na hili nalikumbuka kwa heshima, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Basi mwambie ni lazima.” Karani akageuka tena: “Mzee, ni lazima ufike kituoni kila Jumatatu. Usipofika, dhamana inafutwa na unarudi mahabusu.” Mzee akasema, “Nimefahamu, bwana karani. Nitafika, inshallah.” Safari hii hakimu hakukasirika, akaendelea kuandika.

Nimeyafikiri majibu yale mawili miaka mingi. Inshallah ya kwanza ilitua juu ya amri ya mahakama, kwa sababu amri ilikuwa imevaa “-ta-”. Ya pili ilitua juu ya ahadi ya mzee mwenyewe, mahali pake panapostahili. Mahakama ikasema lake, mzee akasema lake, kila upande ukabaki na haki yake. Sisi wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, tunaisikia “-ta-” ikiwa na mlango uliofunguliwa upande mmoja: mvua, maradhi, kifo, qadari. Hatufanyi hivyo kwa uzembe. Ni imani juu ya kesho, nayo imeingia katika lugha kiasi kwamba hata asiyeswali huisikia. Mtunga sheria anayeweka wajibu ndani ya “-ta-” anauweka mahali ambapo Mswahili tangu utotoni amefundishwa kutokuwa na hakika.

Kulikuwa pia na “shall” nyingine, ya upole, na ningekosa haki nisipoitaja. Hakimu mmoja mwandamizi niliyefanya naye kazi alikuwa amesoma Uingereza. Ikifika saa saba mchana huweka kalamu, akawatazama mawakili na kusema, “Shall we rise?” Kwa maandishi ni swali, lakini sikuwahi kumwona wakili aliyejibu “hapana”. Mgeni mmoja wa kazi hiyo alianza kuitafsiri kwa watu waliokaa benchi, “Je, tutainuka?”, na watu wakatazamana. Kiswahili chake ni “Tuinuke”, basi, kama tunavyosema “Twende” au “Tule”. Mzungumzaji wa Kiingereza hutumia kitenzi kile kile kumvuta rafiki mezani na kumfunga mshtakiwa. Mfasiri anayetaka neno moja la Kiswahili litakalobeba kazi zote hizo hatalipata, na asilitafute. Atazame kwanza anayesema anataka nini kwa anayeambiwa.

Funzo lililoniuma zaidi nililipata nje ya kazi yangu. Ilikuwa miaka ya 2000, mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yalipoanza kusikiliza migogoro chini ya sheria ya mwaka 2002. Jirani yangu, mjane mwenye umri wa kunizaa, alikuwa amepanga vyumba viwili mjini. Mkataba uliandikwa Kiingereza, na nakala yake ya Kiswahili ilichapwa steshenari ya jirani na mtu aliyejitahidi kadiri ya uwezo wake. Paa lilikuwa linavuja. Masika mawili mfululizo alilala na ndoo kitandani. Mwenye nyumba akikumbushwa anasema anajua. Mwishowe mama akaamua kwenda barazani, akaniomba nimsindikize.

Nilipousoma mkataba ule wa Kiswahili usiku wake, niliona jambo ambalo nimeliona tena na tena tangu hapo. Kifungu cha kodi kilisema: mpangaji atalipa kodi tarehe 1 ya kila mwezi, akichelewa siku 14 mkataba utavunjika na atahama. Kifungu cha paa kilisema: mwenye nyumba atatengeneza paa na kuta. Basi. Kitenzi ni kile kile, lakini wajibu wa kwanza una tarehe, una muda, una adhabu. Wa pili umeachwa uelee. Wajibu wa maskini ulikuwa umefungwa kwa kamba tatu na wajibu wa mwenye mali haukufungwa hata kwa uzi. Mbele ya baraza mwenye nyumba alisimama akasema bila kuona haya, “Mheshimiwa, mimi nimesema nitatengeneza. Sijasema sitatengeneza.” Na kwa Kiswahili cha mkataba ule, alikuwa anasema kweli.

Mwenyekiti akaomba nakala ya Kiingereza. Akasoma “shall repair”, akainua kichwa, akamwambia mwenye nyumba kwamba neno hilo linamfunga. Akampa muda wa kutengeneza paa. Tulipotoka nje mama akanishika mkono, akaniuliza, “Mwanangu, hilo neno la Kizungu lina nini ambacho la kwetu halina?”

Nilimjibu kwa kifupi pale barabarani, lakini jibu lenyewe ni refu. Kwanza, neno lile lina sheria nyuma yake. Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1 ya sheria zetu, inasema katika kifungu cha 53 kwamba penye “may” aliyepewa mamlaka ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na penye “shall” kazi aliyopewa lazima ifanywe. Nguvu iliyomwokoa mama haikutoka katika herufi tano za Kiingereza. Ilitoka katika makubaliano, kwamba watu walikaa wakasema kuanzia leo neno hili maana yake ni hii, wakaliandika, na mahakama zikalishika kwa miaka mingi. “Ata-” haikuwahi kupewa ulinzi huo.

Pili, na hili huwa halisemwi, hata “shall” yenyewe mahakamani haisimami wima kila siku. Nimekaa nikiwasikiliza mawakili wakibishana asubuhi nzima, mmoja anasema hakimu aliyeruka hatua iliyoandikwa kwa “shall” ameharibu kesi yote, mwenzake anasema hatua iliyorukwa haikumdhulumu mtu na kwa hiyo inasameheka. Mahakama yetu ya Rufani imeeleza katika maamuzi yake, likiwamo la Bahati Makeja dhidi ya Jamhuri, rufani ya jinai namba 118 ya mwaka 2006, kwamba “shall” katika sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai haina maana ya lazima kila inapotokea, bali husomwa pamoja na kanuni kwamba kasoro isiyoleta dhuluma haiangushi hukumu. Naona busara ndani yake. Lakini mtu wa kawaida aliyeambiwa kwamba neno hili ni la lazima, kisha akaambiwa kwamba mara nyingine si la lazima, ana haki ya kuuliza ni lini na nani anaamua.

Tatu ni jambo nililolipata kwenye kamusi ya etimolojia, na lilinifanya nifunge kitabu nikae kimya. Asili ya “shall” ni kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kudaiwa. Aliyesema “I shall” zamani zile alikuwa anasema nina deni. Wajerumani wana neno la ukoo huo huo, “Schuld”, ambalo mpaka leo ni deni na pia ni hatia. Nasi tunasema ahadi ni deni. Mama yule wa paa alikuwa ameuliza swali lake kwa haki kabisa, maana fikra iliyomo ndani ya neno la Kizungu ilikuwa mdomoni mwa kila Mswahili. Kilichokosekana ni mtu wa kuiweka kwenye mkataba.

Lakini hata kuiweka kwenye maandishi hakutoshi. Septemba 2020 nilikuwa Mombasa kwa dada yangu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ichukue hatua ili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Miaka ikapita, Bunge halikutunga sheria ya kutekeleza jambo hilo, mahakama zikaamuru itungwe, haikutungwa. Ibara ya 261 imeweka dawa ya uzembe wa namna hiyo: Jaji Mkuu “shall” amshauri Rais avunje Bunge, na Rais “shall” alivunje. Tarehe 21 Septemba Jaji Mkuu David Maraga akatoa ushauri huo. Jioni ile kibarazani kwa shemeji yangu haikuzungumzwa habari nyingine. Shemeji, mwalimu mstaafu, aliisoma ibara ile kwa sauti na kusema kwamba hapo hapana njia ya kupita. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa ushauri ule, Rais hakulivunja Bunge, na wabunge wale wakaendelea mpaka uchaguzi wa Agosti 2022. Kumbe neno linaweza kuwa na nguvu yote ya katiba, likarudiwa mara mbili katika sentensi moja, na bado lisitembee kama hakuna wa kulitembeza.

Shida ya maneno ya wajibu haiko kwetu tu. Mpwa wangu ni mkalimani wa mahakamani huko Marekani. Wateja wake wengi ni wakimbizi wa Kongo, Waswahili wa Kivu na Katanga. Alinipigia simu usiku mmoja. “Shikamoo mjomba.” Nikamwitikia, na moja kwa moja akaniambia shida yake. Alikuwa amemwambia kijana mmoja kwamba ni lazima afike siku fulani, na kijana akaelewa. Lakini mama wa kijana, alipokuwa anamkazia mwanawe baadaye, alisema “inafaa ukuje”. Mpwa wangu, mtoto wa Tanga, alisikia ushauri laini, akaogopa kwamba mama hajafahamu uzito wa jambo. Akauliza zaidi, akagundua kwamba kwa Kiswahili cha wale watu “inafaa” ina nguvu yote ya lazima, kwa kuwa imekaa karne nzima jirani na “il faut” ya Kifaransa. Kwetu inafaa maana yake ni vizuri ukifanya. Kwao ni huna njia nyingine. Nilimwambia alichokifanya ndicho kazi yenyewe, kuuliza. Tukakubaliana pia kwamba “lazima” inasikika sawa Tanga, Kigoma, Goma na Lubumbashi, na hilo si jambo dogo kwa lugha yenye nchi nyingi.

Ni yeye aliyenieleza habari ya Jessica Gonzales wa mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado. Mwaka 1999 alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mume aliyetengana naye. Mume akawachukua binti zao watatu. Mama aliwaita polisi, akarudia, akaenda kituoni mwenyewe, na sheria ya Colorado ilisema polisi “shall arrest” anayevunja amri ya namna hiyo. Hawakumtafuta. Watoto wote watatu waliuawa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2005 majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba “shall” ile haikuwaondolea polisi hiari yao, na kwamba mama hakuwa na haki ya kudai itekelezwe. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilisema Marekani ilivunja haki zake. Nilishindwa kulala usiku ule. Nilifikiria mama yule akiisoma karatasi yake ya amri, iliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe, akiamini kila neno.

Wenye lugha wenyewe wameanza kukiacha kitenzi hiki. Afrika Kusini ilipoandika katiba yake ya mwaka 1996 ilichagua “must” badala yake. Marekani ilipoandika upya kanuni za mashauri ya madai za mahakama zake za shirikisho, zilizoanza kutumika Desemba 2007, iliondoa “shall” na kuweka “must”, “may” au “should” kulingana na maana. Sababu waliyoitoa ni kwamba neno hilo limebebeshwa maana nyingi mno. Tazama basi sisi tulipo: tunatafsiri kwa uaminifu ukungu ambao wenyewe wanaukimbia.

Sasa nirudi kwa vijana wanaoniletea makaratasi. Mbele ya kila “shall” jiulizeni kwanza kama kuna mtu anayepewa kazi. Kama hakuna, kwa mfano sheria inapotaja jina lake au inapounda baraza, “itaitwa” na “kutakuwa na” hazimdhuru mtu, ziacheni. Kama yupo, andikeni “lazima”. Nimependekezewa maneno mengine na nimeyapima. “Anatakiwa” humfanya msomaji aulize anatakiwa na nani. “Atapaswa” ni nzuri masikioni lakini imerudisha ile ile “-ta-”. “Hana budi” inamhurumia mtu badala ya kumwagiza. “Sharti” ni neno zuri la wazee, lakini vijana wa leo wakilisikia wanafikiria sharti la mkataba. “Lazima” haihitaji mkalimani. Na penye katazo msiandike “hatauza”, andikeni “ni marufuku kuuza” au “haruhusiwi kuuza”. Kisha kila penye lazima, kama Kiingereza hakikutaja muda wala matokeo ya kutotimiza, mwambieni mwandishi wa sheria kwamba kifungu chake hakijakamilika. Mfasiri ana haki ya kusema hivyo. Mara nyingi ndiye mtu wa kwanza aliyekisoma kifungu chote polepole.

Kwa wanaosimamia kazi hii serikalini ombi langu ni moja. Chagueni neno moja la wajibu kwa Kiswahili, liwekeni katika Sura ya 1 pamoja na maana yake kama “shall” ilivyowekwa, na mlitumie hilo hilo katika kila sheria, kanuni na fomu, ili hakimu wa Pangani na afisa wa Sumbawanga wasome jambo moja. Kiswahili kikiwa lugha ya sheria bila ulinzi huo, mwananchi atakuwa amepewa lugha yake na kunyang’anywa nguvu aliyokuwa nayo katika lugha ya wengine.

Nawe msomaji usiyekuwa mwanasheria, ukipewa mkataba wa Kiswahili wa nyumba, wa kazi au wa mkopo, chukua kalamu upige mstari chini ya kila “ata-” inayomhusu mwenzako. Muulize lini, na asipofanya itakuwaje, halafu mwombe aandike “lazima” pamoja na tarehe. Akikataa, usitie saini.